Bundi juu ya bati au jiko la mkaa chumbani: kipi cha kuogopa?

Bundi akilia usiku juu ya nyumba ya kupanga Manzese, wapangaji wote wanaamka, wengine wanamrushia mawe. Jiko la mkaa lililoingizwa ndani kwa sababu ya mvua za masika halimwamshi mtu, na ubaya wake ndio huo.

Bundi hana la kumfanya mtu. Yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo amefuata panya tu. Ukimfukuza, panya wanabaki, na mkojo wao unaweza kueneza homa ya mgunda.

Mkaa ni habari nyingine kabisa. Ukiwaka hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Makaa mekundu chini ya majivu ndiyo yanayohadaa watu: moshi umekwisha, gesi bado inatoka. Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu. Aliyelala hahisi chochote.

Pikia barazani. Mvua ikikushinda, acha mlango wazi pamoja na dirisha la upande wa pili. Hiyo hupunguza hatari, haiiondoi. Dirisha moja lenye pazia zito halisaidii kitu. Kabla ya kulala jiko litoke nje, hata kama maharage hayajaiva. Ukimkuta mtu amezimia, mtoe kwanza nje, penye hewa safi, kisha mkimbize hospitali akapewe oksijeni.