Colt Woodsman ya kabla ya 1932: bastola tamu, ila angalia mgongo wake kwanza

Basi nimeongeza Colt Woodsman kwenye vile vyuma vyangu, imekaa sefuni karibu na bunduki ya mitutu miwili na ile bunduki ya Brno ya .22 (risasi ndogo, kipenyo kama inchi 0.22), na kwa kuwa watu wamekuwa wakiniuliza kama inafaa naandika hapa mara moja yaishe. Jibu fupi: kwa kulenga karatasi inafaa sana, kwa kujilinda hapana.

Niliipata kwa mzee mmoja wa Jinja aliyekuwa anapunguza mkusanyiko wake, watoto wake wako mjini na hawataki habari za bunduki. Karatasi zake zilikuwa safi na hilo ndilo nililoangalia kabla hata ya kuishika, maana kwetu Uganda kibali ni cha mtu, hakihami na bastola kama logibuku ya pikipiki. Anza na LC wako (baraza la mtaa), nenda polisi, halafu faili inapanda mpaka Naguru, makao makuu ya polisi, na tangu yale maagizo ya 2018 ya kuchukua alama za kila bunduki usitegemee njia ya mkato. Afande aliyeikagua aliigeuzageuza akacheka, "Mzee, na hii ndogo hivi utamtisha nani?" Nikamwambia afande, hii ni ya kutoboa karatasi. Akaandika.

Sasa yenyewe. Mchoro ni wa John Browning, yule yule wa M1911, bastola ya jeshi la Marekani, kampuni ya Colt wakaanza kuiuza 1915 kama bastola ya shabaha na jina la Woodsman likaja 1927, wakaendelea kuitengeneza mpaka 1977. Yangu ni ya toleo la kwanza yenye mtutu mrefu wa inchi sita na nusu. Uzito kama gramu 800 hivi, na ukiishika unaona uzito umekaa mkononi, mdomo hauelemei chini. Mtutu umefungwa kwenye fremu, yaani mwili wa bastola, haucheziki, kinachorudi nyuma ni slaidi fupi tu, kile chuma cha juu kinachoteleza, ndiyo maana risasi zinarudi pale pale. Triga ndiyo inayonipa raha. Haikwaruzi ukiivuta, inaachia ghafla na kwa usafi, bastola nyingi za leo za plastiki hazisogei hapo. Saiti, vile vya kulengea, unazirekebisha, ya mbele kwa juu na chini, ya nyuma kwa kushoto na kulia, vidogo sana lakini ukishazoea unatulia. Mimi macho yangu si ya kijana, jua la saa nne likiwa nyuma yangu ndiyo naona vizuri.

Haya, sasa lile la mgongo, na hapa soma polepole hata kama mengine umeruka. Woodsman za mwanzo zilitengenezwa kwa risasi za .22 LR (Long Rifle, aina ya kawaida ya .22) za mwendo wa kawaida, zile za kama mita 325 kwa sekunde. Risasi za kasi, zile zinazogonga mita 370 na kitu, zilikuja baadaye, na Colt wakabadilisha kile kipande cha chuma kinachobeba springi nyuma ya mpini mwaka 1932. Kwa hiyo geuza bastola uangalie pale juu ya mpini nyuma, pale kiganja kinapobana: ukiona vichale vya vimraba vimraba ujue ni ya zamani, ukiona mistari iliyolala sambamba ni ile iliyoimarishwa. Ukiipa ya zamani risasi za kasi slaidi inarudi kwa hasira inapiga fremu, leo haitasema kitu na kesho haitasema kitu, lakini chuma kinachoka na siku moja kinapasuka, na fremu ya Woodsman huipati duka la jirani. Shida ni kwamba madukani kwetu unachokikuta mara nyingi ni hizo hizo za kasi, muuzaji anakwambia "zote ni poenti tuu-tuu tu". Si zote. Soma boksi.

Pia usiifyatue tupu. Pini ya .22 inapiga ukingo wa ganda la risasi, bila ganda ndani inagonga mdomo wa chemba, pale risasi inapokaa, na kuuharibu. Weka ganda lililotumika ukitaka kufanya mazoezi ya triga sebuleni.

Ya kulalamikia: magazini inaachiliwa kwa kitufe cha chini ya mpini, polepole na inachosha kidole, toleo la pili la 1947 waliweka cha dole gumba kisha kwenye la tatu wakarudi kule kule chini, sijui ni nani aliwashauri. Na slaidi haibaki nyuma risasi zikiisha, kwa hiyo uhesabu kumi zako mwenyewe, na ukisahau utafyatua tupu, rudi aya iliyopita. Magazini ya kuiga niliyopewa pamoja nayo inakwamisha risasi ya pili au ya tatu, ile halisi haijawahi kunisumbua.

Kwa sisi wa karibu na ziwa kuna habari ya kutu. Usiiweke kwenye ala ya ngozi, ngozi inanyonya unyevu na inaiachia alama mbaya, mimi naifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo baada ya kila mtu kuishika maana jasho ni adui. Ukienda kununua tia tochi mtutuni, risasi nyingi za miaka hiyo zilikuwa na fataki (ile baruti ya kuwashia) yenye chumvi inayokula chuma, na kama mwenyewe hakusafisha utaona vishimo vishimo. Na fundi akikwambia atairudishia ule weusi wa chuma ing'ae kama mpya, mshukuru uondoke, mkusanyaji analipia rangi ya kiwandani hata ikiwa imechakaa.

Kama unataka tu .22 ya kupiga kila Jumamosi bila kuwaza aina ya risasi, tafuta Ruger Standard, ile iliyotoka 1949, ngumu na spea zake si za kutafuta kwa tochi. Mimi Woodsman siuzi. Natafuta magazini ya pili, halisi, nitalipa vizuri.