Waliniambia "hii si matatu". Kweli, matatu ingenirudishia nauli

Nimewapa watu wa shirika la ndege nyota moja, na hata hiyo si yao. Ni ya mama mmoja wa mkahawa pale uwanja wa ndege, nitamfikia.

Mie ni mpaka hina. Nakaa Kibokoni, Mombasa, na wateja wangu wengi ni mabibi harusi. Msimu huu wa harusi uliopita, zile wiki za mbio kabla ya mfungo, niliitwa Nairobi nikampake msichana mmoja wa South C. Wenye kuijua hina wanajua: ikishakorogwa na mafuta ya mkaratusi ikaachwa ikaiva, ina saa zake. Ukiitia friza inakaa. Ukiiacha kwenye joto siku nzima inakufa, na ukimpaka mtu inatoka rangi ya chungwa kama hina ya mtoto wa Idi. Kwa hiyo nikazifunga koni zangu za hina kwenye kikapu cha barafu, nikakata tiketi ya ndege badala ya treni. Mume wangu akaniuliza mbona naunguza pesa. Nikamwambia ndege haimalizi hata saa moja angani. Nipande saa tano asubuhi, adhuhuri niko Nairobi, jioni bibi harusi yuko mikononi mwangu.

Saa tano ikaja ikapita.

Ndege kuchelewa si kisa, mashine ni mashine, hilo nalikubali. Kisa ni "nusu saa". Kila ukienda kwenye kaunta unaambiwa nusu saa. Saa sita, nusu saa. Saa sita na nusu, nusu saa. Ilipofika saa saba nikamfuata yule kijana, shati limepigwa pasi likasimama, nikamwambia kwa upole kabisa: "Mwanangu, nambie ukweli tu. Kama ndege haipo, mie nitoke hapa niiwahi treni ya alasiri." Kutoka Port Reitz, uliko uwanja wa ndege, hadi stesheni ya treni ya Miritini si safari ya kubebea chakula. Muda nilikuwa nao.

Hakuninyanyulia hata macho. Akasema: "Mama, hii si matatu, ya kushuka na kupanda unavyotaka. Nusu saa tunapandisha abiria."

Watu wawili watatu kwenye foleni wakacheka. Nami nikarudi kukaa na kikapu changu mapajani kama mtoto mgeni. Nikakaa hadi treni ikaondoka, hadi adhana ya Alasiri, hadi Magharibi.

Neno lile halijanitoka hadi leo. Nikipika nalisikia. Nikiwa kwenye mguu wa mtu napiga maua, nalisikia. Hii si matatu! Basi na tuitazame hiyo matatu. Nishapanda gari la Magongo likafa katikati ya daraja la Makupa, jua la utosi. Makanga hakutuambia nusu saa. Alishuka, akafunua, akatazama, akasema, "Wazee, gari imekufa." Akasimamisha nyingine, akatupakia, akamlipa mwenzake. Waliokataa kungoja aliwarudishia pesa zao mkononi, na mmoja aliyesema alilipa hamsini akapewa hamsini bila kuulizwa ushahidi. Yule makanga alikuwa na jino moja la mbele na kandambili za rangi mbili. Hana huduma kwa wateja, hana wimbo wa kukungojesha kwenye simu. Lakini kwa dakika kumi alitupa vitu vitatu nilivyovikosa uwanjani siku nzima: ukweli, gari jingine, na nauli.

Sababu nazo zilikuwa zinabadilika kama nguo za bibi harusi. Mwanzo ni hitilafu ya kiufundi. Baadaye ndege bado haijatoka safari nyingine. Kufika saa tisa ikawa hali mbaya ya hewa Nairobi. Nikampigia dada yangu anayekaa Embakasi, kule kule uliko uwanja wa Nairobi, nikamuuliza mvua vipi huko. Akaniambia ameanika mablanketi.

Ndipo nikamwona mama wa mkahawa. Tulipewa vocha ya chakula ya shilingi mia tano, ambayo pale ni chai na sambusa mbili, ya tatu ujilipie. Mama yule akaona kikapu kinavuja maji, akaniuliza nimebeba samaki? Nikamweleza. Wallahi hakusema neno, alikichukua akakitia kwenye friza yake, kati ya maziwa na kuku. Hajui jina langu. Nilipotaka kumlipa akanionyesha kiganja chake: "Ukirudi, nipake hapa." Nimeshampaka, mikono miwili, na mguu mmoja juu yake.

Tukaruka usiku. Nafika South C saa tano inakaribia, bibi harusi kesha pakwa. Wamemtafuta mtu wa Eastleigh, na siwalaumu, wangefanyaje? Na kazi yenyewe, nitasema haki, haikuwa mbaya, ila piko, ile rangi nyeusi, amelijaza mno. Nikapewa wali, nikalala, nikarudi Mombasa na koni zangu nzima. Shilingi elfu kumi na nane za kupaka zikaenda na maji. Laiti ningeambiwa ukweli saa saba, saa tatu usiku ningekuwa mlangoni kwao, na wenye harusi usiku ule hawalali.

Nilipowaandikia shirika, kwanza kimya. Nikaandika tena. Wakajibu kwamba "usalama wa abiria ndio kipaumbele chetu". Nani aliyeugusa usalama? Mie nimeuliza nusu saa.

Mtoto wa dada yangu mwingine anakaa London. Kusikia tu akapandwa, "Mama mdogo, wadai! Mimi nilicheleweshwa kwa muda wa saa tano kutoka Heathrow kuja Nairobi nikalipwa pauni 520." Nikaanza kuzipigia hesabu pauni zangu, masikini. Kumbe si hivyo. Ile ni sheria ya Uingereza, waliyoirithi kwa Umoja wa Ulaya, kanuni ya mwaka 2004. Inamshika yeyote anayeruka kutoka kwao, hata ndege iwe ya kwetu. Ukiwa unatoka huku kwenda kwao, inakushika tu ikiwa shirika ni la kwao au la Ulaya. Yaani abiria yule yule, kiti kile kile, kwenda ni mtu, kurudi ni mzigo.

Lakini alinifungua macho kwa jambo moja. Kule, mahakama ya Ulaya iliamua tangu 2008 kwamba hitilafu ya kiufundi ya kawaida si udhuru wa kukwepa fidia. Hali mbaya ya hewa ndiyo udhuru. Nikakumbuka mablanketi ya dada yangu. Sisemi kwamba kijana yule alikuwa anawaza sheria za Ulaya, sidhani. Ila lugha ya kusingizia mvua wameshaizoea, na inawatoka hata pasipohitajika.

Upo pia Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kenya imo. Huo unasema shirika linawajibika kwa hasara ya kucheleweshwa, isipokuwa lithibitishe kwamba lilichukua kila hatua ya busara kuizuia, na una miaka miwili ya kwenda kushtaki. Ila ni wa safari za kimataifa. Lau ningekuwa nakwenda Umra, tiketi moja Mombasa hadi Jeddah kupitia Nairobi, kile kipande cha Mombasa na Nairobi nacho kingehesabiwa cha kimataifa. Anga ile ile! Kwa hiyo anayesafiri mbali asikate tiketi mbilimbili kuokoa vijisenti, kamba itamkatikia katikati.

Sasa mie wa Nairobi tu, nina nini? Nina Katiba, wakili mmoja jirani ndiye aliyenionyesha. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya huduma ya kiwango kinachofaa, haki ya kupewa maelezo, na haki ya fidia akipata hasara. Ya kupewa maelezo, jamani, imeandikwa kwenye Katiba! Nilipoisoma nilitaka kurudi Port Reitz na kitabu mkononi. Akanambia pia naweza kuwashtakia kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ikishindikana iko Mahakama ya Madai Madogo, madai yasiyozidi shilingi milioni moja, sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Alinicheka alivyolitamka hilo la mwisho. Akaniuliza ushahidi ninao? Ninao. Vocha niliipiga picha kabla ya kuitumia, ujumbe wa bibi harusi wa "usije tena" uko kwenye simu. Lile neno la matatu ndilo sina. Ningejua ningelirekodi.

Basi nilikuwa nimeshaapa. Sipandi tena, na ukoo wangu haupandi. Halafu wiki iliyopita wakanipigia. Sauti ya msichana, mpole, ananiita Bibi, anasema amesoma barua zangu zote mbili na hazikumpendeza, yaani kilichonipata hakikumpendeza. Aliniomba radhi kama mtu aliyelelewa. Nusura nilie. Nikasema ndani ya nafsi yangu, kumbe wana watu, labda nimewahukumu kwa kijana mmoja aliyeamka vibaya, na huenda yeye naye waliokuwa juu yake walikuwa wanampa nusu saa.

Kisha akataja wanachonipa: vocha ya safari moja. Si pesa. Haitumiki Disemba wala siku za Idi, haihamishwi kwa mtu mwingine, na inakufa baada ya miezi sita. Nikamuuliza, na ile elfu kumi na nane? Akasema hiyo shirika halihusiki nayo. Nikamuuliza, na yule kijana? Akasema "suala hilo linashughulikiwa ndani". Huruma yangu yote ikaganda pale pale.

Vocha sijaikubali wala sijaikataa. Nimepata bibi harusi mwingine Nairobi, baada ya Idi, wanalipa vizuri kuliko wale. Treni nimeshaikata, tena ya siku moja kabla, barafu nitaongeza njiani. Ingawa wallahi, kikapu kile na saa zile za treni, mgongo wangu unaiwaza ile vocha.

Kama yuko aliyewahi kwenda Madai Madogo hapa Mombasa kwa jambo la ndege, anambie alibeba nini na walimuuliza nini. Na ukipita pale uwanjani, mkahawa wa mama ni ule wenye friza nyeupe nyuma ya kaunta. Sambusa zake ni ghali, lakini nunua.