Baiskeli za mlimani za mtumba, Moshi: nunua fremu, mengine yanabadilishika

Ukipita Memorial, soko la mitumba la Moshi, usidanganywe na rangi. Baiskeli za mlimani za miaka ya 1980 na 1990, kizazi cha Specialized Stumpjumper ya 1981, bado zinatafutwa kwa sababu ya fremu ya kromoli (chuma kilichochanganywa na kromi na molibdeni): ikipata ufa, fundi stadi anaweza kuiunga. Nyingi hazina shokapu, kwa hiyo hakuna sili ya kuvuja. Gia za dole gumba, zile za kisukumio kilicho juu ya usukani, ndizo tamu zaidi. Nyingi zina swichi ya kuzima mibofyo, ile inayosimamisha kisukumio kwenye kila gia. Gia zikianza kurukaruka, zima mibofyo, vuta kisukumio kwa kukadiria, endelea kupanda Kibosho.

Kabla ya kutoa hela, legeza bolti ya siti na uzungushe bomba lake. Likigoma, alumini na chuma vimeshikana kwa kutu. Kulitoa ni vita, kwa hiyo dai punguzo kubwa au ondoka. Pima cheni pini hadi pini: vipande 24 ni inchi 12 kamili. Ikizidi kwa milimita 3, badili pamoja na meno ya nyuma, la sivyo cheni mpya itaruka. Kwenye tairi tafuta namba 559, kipenyo cha rimu kwa milimita. Ipo tairi nyingine ya inchi 26 yenye namba 590, hiyo haitakaa kwenye rimu.

Udhaifu ni breki. Zile za waya wa katikati hushika kivivu kwenye mteremko wa Machame. V-breki (za mikono mirefu, waya ukivuta kutoka upande) huingia kwenye vishikizo vilevile vya breki kwenye fremu na uma, ila nunua na mikono yake ya kubana kwenye usukani. Mikono ya zamani huvuta waya kidogo mno.