Tulum au Kilwa Kisiwani?

Kwa picha, magofu ya Tulum, Meksiko, hayana mpinzani. Hekalu la El Castillo limesimama juu ya jabali, na chini yake kuna mchanga mweupe na maji ya Karibi ya rangi ya feruzi. Wamaya, wenyeji wa kale wa eneo hilo, waliuzungushia mji ukuta pande tatu. Upande wa nne waliiachia bahari. Kasoro yake ni umati. Ukichelewa asubuhi utapiga picha za migongo ya watu. Kupanda hekalu hairuhusiwi, na kuna misimu mwani hujaa ufukweni mpaka hamu ya kuogelea inakwisha. Mijusi mikubwa ya iguana ndiyo pekee isiyojali, imejianika juu ya mawe.

Kilwa Kisiwani, magofu ya mji wa kale kisiwani kusini mwa pwani ya Tanzania, ni habari nyingine. Unavuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, na pengine mkifika mko ninyi na mwongozaji wenu tu. Ibn Battuta, msafiri maarufu kutoka Moroko, alifika hapa mwaka 1331 akausifu mji. Ingia Msikiti Mkuu, tazama juu: kuba zimepangana, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ukisogea karibu unaona vitundu vya matumbawe yenyewe. Husuni Kubwa, jumba la kifalme la zamani, bado ina birika la pembe nane. Ila ufukweni usitarajie Tulum; sehemu kubwa ni mikoko na matope maji yakitoka. Kuogelea, rudi Masoko.

Mwenye siku moja na kamera aende Tulum. Mimi nachagua Kilwa, jua kali na yote.