Gitaa la jazi: anza na nyuzi, kisha amplifaya, gitaa lije mwisho

Mtu akianza kuipenda jazi, kitu cha kwanza anachokitamani ni lile gitaa kubwa lenye tumbo wazi na matundu mawili yanayofanana na ya fidla. Ni chombo kizuri sana. Lakini kama fedha zako zinatosha kununua kitu kimoja kwa wakati, ushauri wangu ni kuanza na nyuzi, kisha amplifaya, na gitaa jipya baadaye kabisa. Gitaa la kawaida likifungwa nyuzi sahihi na kuchomekwa kwenye amplifaya safi litatoa sauti ya jazi. Gitaa la kifahari kwenye amplifaya inayokwaruza halitoi.

Nyuzi

Nyuzi zilizozoeleka zimezungushiwa waya wa mviringo, ndiyo maana kidole kikiteleza unasikia mkwaruzo, na noti huwa kali mwanzoni. Nyuzi bapa zimezungushiwa utepe wa chuma uliolala, hivyo uso wake ni laini na sauti yake ni nene, isiyo na makali. Tafuta seti inayoanzia 0.012 ya inchi, na uhakikishe uzi wa tatu nao umezungushiwa utepe. Uzi wa tatu usiozungushiwa kitu hupaza sauti kuliko wenzake, na kila akodi utakayoipiga itaegemea upande wake.

Thomastik-Infeld Jazz Swing naziweka za kwanza kwa sababu haziwi ngumu vidoleni. D'Addario Chromes ni za pili: zina mkazo zaidi na hung'aa kidogo zikiwa mpya. Kama mkono haujazoea, 0.011 inatosha kabisa. Ukihama kutoka nyuzi nyembamba, mpelekee fundi gitaa lako akaangalie shingo, maana mvuto unaongezeka na shingo huweza kupinda.

Amplifaya

Mwaka 1936 kampuni ya Gibson ilitoa ES-150, gitaa la umeme lililouzwa sambamba na amplifaya yake. Mwaka 1939 mpiga gitaa Charlie Christian aliingia nalo kwenye kundi la jazi la Benny Goodman, akapiga solo zilizosikika mbele ya saksofoni na tarumbeta. Tangu hapo amplifaya ni nusu ya chombo, na anayeinunua kwa fedha zilizobaki baada ya kununua gitaa anaipunja nusu hiyo.

Unachotafuta ni usafi. Piga akodi ya noti nne kwa nguvu, sauti ikiwa juu kiasi cha kushindana na ngoma. Zile noti nne zibaki nne, zisivurugane. Ndiyo maana amplifaya za transista, zinazodharauliwa na wapiga roki, zina heshima kwenye jazi. Mpiga gitaa wa jazi Joe Pass alitumia amplifaya ya Polytone kwa miaka mingi, nayo ni ya transista.

Nafasi ya kwanza naipa transista ndogo yenye nguvu za kutosha: Henriksen au AER kama unaweza kuzimudu, la sivyo Roland JC-40, yenye wati 40 na spika mbili za inchi 10. Ni mdogo wa JC-120 iliyotoka mwaka 1975.

Ya pili ni Fender Deluxe Reverb, ya valvu, wati 22, spika moja ya inchi 12. Kwa utamu wa sauti inaishinda ile ya kwanza, hasa ukiongeza mwangwi wake kidogo tu. Tatizo lake ni kwamba mpiga ngoma akiongeza nguvu, sauti yake inaanza kuchubuka na kukwaruza. Princeton Reverb ni ndogo zaidi, inafaa chumbani na kurekodi. Twin Reverb haichubuki kirahisi, ila kuibeba ni kazi.

Amplifaya za kidijitali zinazoiga nyingine zinafaa kwa mazoezi ya usiku na vipokea sauti. Kwa jukwaani, weka akiba kwanza.

Ukishainunua, usikimbilie kujaza besi. Gitaa lenye besi nyingi ni tamu ukiwa peke yako, lakini mpiga besi akiingia, nyote wawili mnageuka mngurumo mmoja. Shusha sauti kali, acha besi chini ya nusu, pandisha sauti za kati. Kwenye gitaa tumia pikapu (kinasa mtetemo wa nyuzi) iliyo karibu na shingo. Kitufe cha toni kipunguze kidogo kidogo na usikifunge chote, kwa sababu toni iliyofungwa kabisa inazika mwanzo wa kila noti, na mwanzo huo ndio unaobeba swingi, yaani ule mdundo unaobembea wa jazi.

Gitaa

La kwanza kwangu ni lenye tumbo wazi, upana wa inchi 16, lililojengwa kwa mbao za tabaka. Kielelezo chake ni Gibson ES-175 ya mwaka 1949. Mwaka 1957 lilianza kuwekewa pikapu za koili mbili, ubunifu wa Seth Lover wa kuondoa mngurumo wa umeme. Joe Pass, Jim Hall na Herb Ellis wote walilipiga. Watu huzionea aibu mbao za tabaka, na hapo wanakosea: ni ngumu, hazitetemeki ovyo, kwa hiyo gitaa halipigi yowe haraka mbele ya spika, na noti hutoka fupi na imara. Ibanez Artcore na Epiphone zina magitaa ya mtindo huo huo kwa bei ya chini zaidi.

La pili ni Telecaster ya Fender, gitaa la ubao mzima lisilo na tumbo. Mpiga jazi Ed Bickert wa Kanada alifunga pikapu ya koili mbili upande wa shingo na akapiga akodi ambazo ukifumba macho utaapa kuwa zimetoka kwenye gitaa lenye tumbo. Halipigi yowe haraka, na ni jepesi kurekebisha. Kama bendi yako inapiga kwa sauti kubwa, liweke la kwanza.

Gibson ES-335 ya mwaka 1958, yenye gogo la mbao katikati ya tumbo, iko katikati ya hayo mawili. Inafaa kwa anayepiga pia bluzi na soul.

La mwisho ni la uso wa kuchongwa kwenye mbao nzima, kama Gibson L-5 aliyoipiga gwiji wa jazi Wes Montgomery kwa kidole gumba. Sauti yake haina mfano. Bei yake nayo haina mfano, na hupiga yowe mapema kuliko yote. Si la kununua kwanza.

Ukikagua gitaa lenye tumbo lililotumika, tazama daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya tumbo. Kwenye mengi halijagundishwa, limeshikwa na mkandamizo wa nyuzi tu, na mtu akibadilisha nyuzi zote kwa pamoja linahama. Gusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vya shingoni) na uupige, upate noti ya kengele, kisha ubonyeze hapo hapo. Noti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, legeza nyuzi kidogo, sogeza daraja kuelekea mkiani, kaza, pima tena. Magitaa mengi mazima hukataliwa dukani kwa kosa hili la dakika chache. Kilichopinda shingoni au kupasuka karibu na kisigino cha shingo ni jambo jingine, hilo liache.