Kipimo cha hewa cha kuvaa: ununue kipi ukiwa Kisumu?

Anayetaka kununua kipimo cha hewa cha kuvaa ajiulize kwanza moshi anaouvuta unatoka wapi. Mwendesha bodaboda anayepita Kondele asubuhi na jioni, na mama anayekaanga mgongo wazi, yaani mifupa ya samaki iliyoondolewa minofu, kule Obunga kwa moto wa kuni, wote wanavuta hewa chafu, lakini si ya namna moja wala kwa saa zile zile, na kituo cha kupimia kilichosimama mbali hakiwezi kumweleza yeyote kati yao hali yake.

Cha kwanza kwangu ni AirBeam, kazi ya HabitatMap, shirika lisilo la faida la New York. Hupima chembe za PM2.5, yaani zisizozidi mikromita 2.5, ambazo hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na programu yake ya AirCasting huvionyesha vipimo kwenye ramani ya simu kadiri unavyotembea. Nilikivaa jikoni kwa shangazi yangu: alipochochea kuni mbichi, namba zilipanda kabla macho yetu hayajaanza kuwasha. Aliitazama simu kwa muda, kisha akaliinua jiko na kulipeleka barazani bila kuambiwa na mtu.

Cha pili ni Atmotube PRO, kidogo, cha kuning'iniza kwenye begi, ambacho mbali na chembe hupima pia mivuke ya kemikali. Kinamfaa fundi wa rangi. Hata hivyo, kipimo chake cha mivuke ni cha jumla: kinakuambia kuna kitu hewani, lakini hakitofautishi petroli na manukato, ndiyo maana sikukitanguliza.

Vyote viwili huhesabu chembe kwa mwanga wa leza, na unyevunyevu huzivimbisha chembe hizo, kwa hiyo asubuhi yenye ukungu wa ziwani namba zinaweza kuzidi ukweli. Kivae kifuani, karibu na pua. Ukikitia mfukoni utapima nguo yako.

Kwa familia inayolala chumba kimoja na jiko la makaa mpangilio wangu unabadilika kabisa. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, inaua, na vifaa vya chembe haviioni hata kidogo, hivyo familia hiyo itoe jiko nje kwanza, kisha inunue king'ora cha gesi hiyo kabla ya kifaa kingine chochote.

Saa za mkononi nimeziweka mwisho. Nyingi zinazoonyesha kiwango cha uchafu wa hewa hazina kihisi cha hewa; huchota makadirio ya eneo zima kwenye intaneti, na moshi wa jikoni mwako haumo.

Ukishanunua, usitishwe na namba ya dakika moja. Kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2021, mikrogramu 15 za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo, ni wastani wa saa 24, nawe linganisha wastani wako wa siku nzima.

Kwa kifaa kilichotumika, mwombe muuzaji akiwashe mbele yako, kisha uzime njiti ya kiberiti hatua moja kutoka kilipo. Namba zipande, na moshi ukitawanyika zishuke. Zikibaki juu, huenda vumbi limeshajaa ndani, basi mrudishie.