Dawa ya 2,4-D kwenye ukoka wa nyumbani: maoni yangu kutoka Shangani, Mtwara

Kama ukoka wako umevamiwa na mbigili, kishona nguo na mchicha pori, nunua 2,4-D. Nimeitumia kwenye uwanja wa nyumba yetu hapa Shangani na nimeridhika nayo: inaua magugu ya majani mapana, ukoka inauacha.

Dukani lakini usiseme tu "nipe dawa ya majani". Duka moja la pembejeo hapa mjini waliniwekea glaifoseti mezani bila hata kuniuliza. Hiyo ni ya kusafishia shamba, inakausha kila kilicho kijani, ukoka ukiwemo. Muuzaji wa duka la pili alinihoji kwanza: nyasi gani, magugu gani, jirani kapanda nini. Huyo ndiye muuzaji! Akanipa chupa yenye lakiri na lebo ya Kiswahili inayoonyesha kipimo.

Dawa yenyewe inavuruga homoni za ukuaji za mmea. Kesho yake mashina ya kishona nguo yalikuwa yamejisokota, vikonyo vimepinda kuelekea chini, majani yamenywea kama mboga iliyopitishwa kwenye maji ya moto. Baadaye yakageuka njano na kufa taratibu. Mbigili changa zote zilikwisha, watoto sasa wanacheza peku. Kifauongo kilichokomaa kilichipua tena, nikaking'oa kwa jembe. Ndago haikuguswa, kwa kuwa si gugu la majani mapana. Mwenye ndago tupu asipoteze hela yake.

Kwetu wakati mzuri ni mvua zikishashika, Januari hivi, magugu yakiwa bado machanga. Chagua asubuhi isiyo na dalili ya mvua, na usifyeke siku mbili tatu kabla na baada.

Na upepo, jamani, upepo! Ukungu wa dawa hii ukivuka ukuta unaharibu mpapai, nyanya na miche ya mikorosho ya jirani, na huku Kusini mkorosho ndio ada ya mtoto. Nilisubiri mpaka makuti ya mnazi yametulia kabisa, nikashusha mdomo wa bomba karibu na ardhi. Bomba hilo sasa ni la magugu tu, halitagusa mboga wala mikorosho hata likioshwa vipi. Watoto na kuku wasiingie uwanjani mpaka dawa ikauke kabisa kwenye majani.